Mwanangu hujificha sokoni siku ya madrasa

Assalamu alaikum Maalim, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Manyatta hapa Kisumu, na nauza nguo za watoto za mitumba soko la Kibuye. Nilisilimu miaka kumi na miwili iliyopita nilipoolewa. Kwetu ni Wajaluo wa kando ya ziwa, na baba yangu mpaka leo ni mzee wa kanisa. Mume wangu ni mtu wa Mumias, Mwislamu wa kuzaliwa. Anaendesha lori la mizigo kati ya hapa na Busia, kwa hivyo nyumbani tunamwona siku mbili tatu kwa wiki.

Kijana wetu ana miaka kumi, yuko gredi ya tano. Shule anatoka saa tisa na nusu. Kuanzia saa kumi na nusu mpaka magharibi ikikaribia yuko madrasa, Jumatatu hadi Alhamisi, halafu Jumamosi na Jumapili anakwenda asubuhi. Alianza akiwa na miaka sita na alikuwa akipenda sana. Akirudi alikuwa ananisomea aliyofundishwa huku mimi nakaanga omena, na dada yake mdogo anamfuatisha nyuma.

Tangu mwaka jana, walipoanza sura ndefu, amebadilika. Siku za madrasa tumbo linamuuma. Mara kanzu haionekani, mara viatu vimekatika. Nilidhani ni utoto tu.

Jumapili moja mwezi uliopita nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, maana Jumapili ndiyo siku kubwa Kibuye, nikamwacha amevaa kanzu tayari. Saa tatu hivi jirani yangu wa kibanda akaja kuniuliza, "Si huyo ni kijana wako kule nyuma ya marobota?" Nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, kanzu ameivua ameikunja. Juzuu yake ameitia ndani ya kofia, akaifunika kwa leso yake ya shule, ameipakata mapajani isiguse chini. Hakukimbia wala hakulia. Aliniambia tu, "Mama, leo ni siku ya kusikilizwa."

Usiku nilimkagua. Nyuma ya miguu ana mistari mitatu iliyovimba, na mingine ya zamani imeanza kufifia.

Nilikwenda kwa ustadh. Akanijibu kwa upole, lakini akasema mtoto ana kichwa kigumu, na kwamba kama ningekuwa nafuatilia nyumbani asingefika hapo. Niliona aibu, Maalim, kwa sababu ni kweli. Mimi najua Fatiha na sura tatu za mwisho, nilizifundishwa kwa mdomo na shangazi ya mume wangu. Herufi sijui hata moja. Na huyu mtoto nyumbani anasoma vizuri kabisa! Anasoma kuanzia Alam tara mpaka Kul audhu ya mwisho amefumba macho. Ila juzi nilimwekea kidole katikati ya ukurasa nikamwuliza, "Hapa panasema nini?" Akarudi mwanzo wa sura, akaanza upya kutoka juu.

Mume wangu anasema hata wao walichapwa na wakasoma. Ameshaulizia madrasa ya bweni ya kuhifadhi Kurani, kaunti nyingine, anataka ampeleke Januari. Mama mkwe naye amesema mbele ya watu kwamba damu ya upande wangu ndiyo inayoikataa Kurani. Tangu siku hiyo sina usingizi.

Dada yake ana miaka sita na mwaka huu ndiyo zamu yake kuanza. Nifanye nini? Nimpumzishe kijana? Nimtoe pale? Au nikubali aende bweni?

Mama wa Wawili, Manyatta, Kisumu.

*

Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye ile juzuu ndani ya kofia. Mtoto ametoroka, anajua akipatikana ataadhibiwa, na katikati ya vumbi la Kibuye bado amehangaika kutafuta kitu safi cha kuifunikia Kurani isiguse chini. Mtoto aliyeichukia angeiacha nyumbani chini ya godoro. Huyu wako ameshika adabu ambayo watu wazima wengi wameiacha. Anachokimbia amekutajia mwenyewe kwa maneno machache: kusikilizwa, yaani kusoma mbele ya ustadh.

Nadhani najua kwa nini. Mwanao hajui kusoma, mwanangu. Anajua kufuatisha. Sikio lake ni jepesi mno, anasikia mara mbili anashika, na kwa miaka mitatu sikio hilo limemficha. Sura zile fupi, kuanzia Alam tara mpaka mwisho, ni sura kumi, nyingi zina aya tatu, nne, tano, sita. Darasa zima linaitikia kwa sauti moja, naye anaitikia, ustadh anasikia sauti nzuri anamvusha. Walipofika sura ndefu, Amma yatasaaluna yenye aya arobaini, au Abasa yenye arobaini na mbili, sikio peke yake halikutosha tena. Hapo ikabidi macho yasome, na macho yake hayajafundishwa. Ndiyo maana anasoma amefumba macho. Ndiyo maana ulipomwekea kidole katikati alirudi mwanzo: anaitafuta sauti, kwa sababu maandishi hayamwambii kitu.

Nakwambia hivi kwa sababu nimefundisha madrasa miaka ishirini na minane, kwanza Mumias, baadaye Bondeni kule Nakuru, na mtoto wa namna hii hakuna mwaka niliomkosa. Wa kwanza nilimpiga. Alikuwa binti wa miaka tisa. Kila nikimwonyesha neno alikuwa akisema baa mahali pa nuni, nuni mahali pa taa, nami nikaona ananichezea. Nikamchapa viganjani siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nikachukua juzuu yake kumwonyesha, nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nakala ya nakala, imepigwa mashine mpaka nukta zimefutika. Baa, taa, thaa, nuni na yaa zikiingia katikati ya neno zote zinakuwa jino moja dogo, na kinachozitenga ni nukta peke yake: moja chini, mbili juu, tatu juu, moja juu, mbili chini. Kwenye ukurasa wake yalikuwa yamebaki meno matupu. Yule binti sasa ni mama mwenye watoto, nilimwomba radhi akiwa mkubwa, akanisamehe. Mimi bado nakumbuka viganja vyake.

Kwa hivyo kabla hujaamua lolote, mpime. Usiite mtihani, mfanyie kama mchezo. Chukua kipande cha karatasi ngumu, ukate katikati kidirisha cha kutosha neno moja tu. Kiweke juu ya ukurasa wa sura anayoijua sana, lakini mahali popote katikati, umwulize neno hilo. Kisha sehemu nyingine. Akisoma maneno matano kati ya kumi bila kurudi mwanzo, mimi nimekosea na nitakuomba radhi. Akishindwa, basi mnajua ugonjwa, na dawa yake haimo kwenye fimbo wala bweni. Mtazame pia kama anausogeza ukurasa karibu na uso, au kama shuleni analalamika kwamba ubao hauonekani. Ikiwa hivyo mpeleke akapimwe macho katika hospitali ya serikali kwanza, mengine yangoje.

Tiba ni kumrudisha kwenye kaida, kile kijitabu cha kujifunzia herufi, kwenye alifu kwa ujiti, bila kumdhalilisha. Hapa ndipo ninapokuhitaji wewe.

Umeniandikia kwamba hujui herufi hata moja, ukaandika kama mtu anayekiri kosa. Mimi nimeisoma sentensi ile nikafurahi. Mtoto wa miaka kumi ukimrudisha kwenye alifu pamoja na watoto wa miaka mitano atakufa kwa aibu. Lakini ukimwambia, "Mwanangu, mama hajui kusoma Kurani, nifundishe," anarudi kwenye alifu kama mwalimu. Nunua kaida mbili mpya, zilizochapishwa vizuri, nukta zinaonekana, moja yake moja yako. Dakika kumi na tano baada ya magharibi zinatosha. Herufi tatu kwa siku, mziandike wote wawili, maana mkono unaoandika unalilazimisha jicho kuona. Ukosee mbele yake na akusahihishe. Ayn itawasumbua sana, si kwa sauti tu, ni kwa sura yake: mwanzo wa neno ina umbo moja, katikati inakuwa kama kifundo, mwisho inafungua mkia. Mtoto anayejua ayn ya peke yake tu akikutana na ile ya katikati anaona herufi ngeni. Kaeni nayo siku tatu zote kama ni lazima. Mkimaliza herufi peke yake, muanze maneno ya herufi mbili, tatu, na hapo ndipo ile sauti aliyoihifadhi itamsaidia: atakuwa anafumbua neno kidogokidogo, ghafla analitambua, kumbe ni lile analolisoma kila siku! Ukiiona sura yake siku hiyo utaniandikia tena bila kuombwa.

Na hili la damu. Sikiliza. Katika herufi zinazowasumbua watoto wengi wa bara ni thaa, dhali na khaa. Wewe unazungumza Kijaluo. Jina lenyewe la lugha yako mnalitamka Dholuo, na mtu mnamwita dhano; ulimi wako unakaa karibu kabisa na dhali bila kufundishwa. Mkisema thum, mko jirani na thaa. Mume wako, mtu wa Mumias, ni wa kabila la Wawanga, nao wanasema omukhana kwa msichana na omukhasi kwa mke. Khaa wanayo kinywani tangu wananyonya. Mwanao amerithi dhali na thaa kwa mama, na khaa kwa baba. Kitakachokupa kazi wewe ni zayi na shini, maana Kijaluo hakina, lakini kama unasema shati na zipu kule sokoni utaweza.

Mama mkwe wako nampa heshima yake, ni mzazi. Lakini sisi watu wa Mumias, mimi nikiwa mmoja wao, hatukuzaliwa na dini hii mifupani. Ililetwa na wasafiri wa pwani, Waswahili na Waarabu, waliokuja na misafara ya biashara mpaka kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, katika karne ya 19. Mababu zetu walijifunza alifu wakiwa watu wazima wenye ndevu, wake zao wakijifunza nyuma yao. Na Maswahaba wa Mtume (s.a.w.) wengi wao walizaliwa katika nyumba ambazo hazikuijua Kurani. Hilo jambo lakini usilijibu wewe. Wewe ukilijibu litakuwa ugomvi wa mkamwana na mama mkwe, na utashindwa hata ukiwa na haki. Mwambie mumeo, faraghani, siku amepumzika, kwamba neno lile lilisemwa mbele za watu na mtoto anaweza kuwa alilisikia. Amwendee mama yake yeye mwenyewe.

Sasa fimbo.

Mumeo na ustadh wakitafuta hoja watakuletea hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya kuwaamrisha watoto swala wakifika miaka saba na kuwapiga kwa ajili yake wakifika kumi. Hadithi ipo, wala usiikane. Lakini waombe waihesabu. Kutoka saba mpaka kumi ni miaka mitatu. Swala tano kwa siku, miaka mitatu, ni zaidi ya mara elfu tano mtoto ameitwa kwa upole, ameonyeshwa, amesimamishwa ubavuni mwa mzazi. Na hadithi inazungumzia swala. Haizungumzii mtoto aliyeshindwa kuitofautisha nuni na baa. Kuhusu mtoto wa aina hiyo kuna maneno mengine ya Mtume (s.a.w.), yamo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha: hodari wa kuisoma Kurani yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma akibabaika, nayo ikimwia ngumu, ana ujira mara mbili. Mara mbili, mwanangu! Mtoto ambaye Mwenyezi Mungu anampa malipo mara mbili kwa kubabaika kwake, sisi tunamchapa kwa kubabaika huko huko. Msomee mwanao hadithi hiyo usiku wa leo. Naye Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, akasema hakuwahi hata siku moja kuambiwa ufu, neno la kuchoshwa na mtu, wala kuulizwa kwa nini umefanya hili.

Wanavyuoni wenyewe walilitazama jambo hili zamani. Ibn Khaldun, mwanahistoria maarufu, katika kitabu chake cha Mukadima alichokiandika mwaka 1377, ana mlango mzima kuhusu ukali kwa wanafunzi. Anasema mtoto anayelelewa kwa nguvu huvunjika moyo, akawa mvivu, akajifunza kusema uongo na kuficha yaliyo moyoni kwa kuogopa mkono usimfikie. Hebu soma tena barua yako mwenyewe: tumbo linauma, kanzu haionekani, viatu vimekatika.

Na sheria ya Kenya haina mashaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili na adhabu za kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi, na anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi sita. Sikutajii haya uende kumtisha ustadh nayo siku ya kwanza. Nakutajia ujue umesimama wapi. Fimbo ikiendelea baada ya kuzungumza, au ukiona damu, au mtoto akipigwa kichwani, usingoje mumeo arudi kutoka Busia: mtoe siku hiyo hiyo, upige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au uende kwa afisa wa watoto.

Lakini anza kwa kuzungumza na ustadh. Alikujibu kwa upole, na mtu anayejibu kwa upole bado ana mlango. Mimi namjua ustadh wa aina hiyo, nimekuwa yeye. Ana watoto hamsini, sitini, wa marika matatu ndani ya chumba kimoja, hana msaidizi, karo ndogo yenyewe nusu ya wazazi hawajalipa, na hakuna siku aliyokalishwa akafundishwa namna ya kufundisha. Alifundishwa Kurani, kufundisha alikuiga kwa yule aliyemchapa yeye. Kwa kweli hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi yetu. Mwalimu wa shule hupelekwa chuo cha ualimu kabla ya kukabidhiwa watoto. Maalim tunampa mkeka na fimbo. Sisi jamii, kamati za misikiti, tunachanga kwa furaha kupaka msikiti rangi, lakini kuchanga ili ustadh apate msaidizi mmoja tunaona uzito.

Nenda na mumeo kama unaweza, asubuhi, wakati hana wanafunzi. Kama unadaiwa karo, lipa kwanza. Usianze na mistari ya miguu. Anza na kidirisha cha karatasi: mwite mtoto asome maneno matatu mbele yake kwa upole, ustadh aone kwa macho yake. Kisha umwambie, "Ustadh, kijana alikuvukia kwa sikio. Tumemrudisha kaida nyumbani, mimi nasoma naye. Tunakuomba miezi mitatu usimsikilize sura ndefu, umsikilize kaida, na umsikilize pembeni, si mbele ya wenzake. Na tunakuomba fimbo isimguse tena." Hilo la mwisho lisemwe na mumeo akiwapo, na lisemwe waziwazi. Ustadh mwenye hofu ya Mungu atasikia uzito umemtoka, maana naye alikuwa haelewi kwa nini mtoto mwenye sauti nzuri hivyo hasongi mbele. Akikataa, au akikubali mdomoni fimbo ikaendelea, mhamishe. Kisumu haikosi madrasa nyingine. Tafuta hata ya kina mama wanaofundisha nyumbani, watoto kumi kumi. Kabla hujamwandikisha kaa mlangoni nusu saa utazame. Utajua kwa namna watoto wanavyokaa mwalimu anapopita nyuma yao.

Kuhusu bweni, msimamo wangu ni hapana. Nimewaona watoto waliohifadhi Kurani bweni wakatoka na furaha na elimu, Alhamdulillahi, wengine ni maimamu wetu leo. Hao walikwenda wakiwa wanasoma tayari, na walitaka kwenda. Madrasa ya kuhifadhi kazi yake ni kusikilizwa asubuhi, kusikilizwa mchana, kusikilizwa usiku. Ukimpeleka kule mtoto asiyejua herufi, mwenye hofu ya kusikilizwa, umempeleka kwenye kile kile anachokimbia, mara tatu kwa siku, na hana soko la kujifichia wala mama wa kumkagua miguu. Mwambie mumeo hivi: hatukatai kuhifadhi, tunaomba kwanza ajue kusoma, akifika miaka kumi na mbili anasoma vizuri na mwenyewe anataka, tutalizungumza. Baba anayewatakia wanawe Kurani ni baba mzuri, na umwambie hivyo, kwa sababu nadhani hajaambiwa siku nyingi. Siku zake mbili za nyumbani awasikilize nyinyi wawili, wewe na mtoto. Na kama ana simu, mtoto amtumie sauti yake akisoma neno moja jipya, baba alisikilize akiwa safarini. Kazi yake si kukagua. Amjibu tu, "Nimesikia, mwanangu." Lukmani alipomuusia mwanawe, katika sura yenye jina lake, mara tatu anamwita "ewe mwanangu" katikati ya nasaha.

Jambo moja jingine, na hili ni la raha. Mtoto wako anaimba Alam tara tangu ana miaka sita. Mwulize inahusu nini. Nina hofu hajui kwamba ni kisa cha tembo, cha jeshi la Abraha lililokuja kuibomoa Kaaba mwaka aliozaliwa Mtume, na ndege waliolipiga kwa mawe. Mtoto wa miaka kumi anakaa na kisa cha tembo na ndege kinywani miaka minne, hakuna aliyemsimulia! Tafuta tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969. Herufi za Kiswahili unazijua wewe, kwa hivyo usijione huna la kumpa. Kila Ijumaa usiku sura moja fupi, usome maana, umsimulie yeye na dada yake. Shuleni kwao kama hakuna mwalimu wa somo la Uislamu, kama ilivyo katika shule nyingi za huku kwetu, basi hiyo ndiyo itakuwa darasa lake la maana.

Binti asianze mwaka huu pale. Akae mkekani na nyinyi baada ya magharibi, ashike kalamu. Yeye na wewe ndio wanafunzi, kaka yake ndiye maalim.

Na kijana umpunguzie. Tangu alfajiri mpaka magharibi mtoto yuko darasani, siku nne kwa wiki, na Jumamosi na Jumapili asubuhi tena. Mwombe ustadh amwachie alasiri moja acheze mpira. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo ya kufidia, wakati hana kazi za shule. Miezi ile miwili mtoto mwenye utulivu huimaliza kaida yote.

Jumapili hii najua ni siku yako kubwa. Mwombe yule jirani akufungulie kibanda, nawe ufike saa nne. Mtoto akiamka asubuhi usimwambie avae kanzu. Chemsha chai, tandika mkeka, toa zile kaida mbili na kalamu mbili, ukae chini kabla yeye hajakaa, umwulize alifu inaandikwa kuanzia juu au chini.